Hakuna Anayeuza "Samaki" Magara: Uhakiki wa Istilahi "Ngeli Dhahania"

Makala haya yanaanza na kosa, na kosa lenyewe ni langu. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja anayesomea informatiki aliniomba nimsaidie kutafuta maneno ya Kiswahili ya masomo yake. Walimu wake walimfundisha kwa Kifaransa, vitabu alivyovipata vilikuwa vya Kiingereza, na yeye mwenyewe, mtoto wa ufuko wa Tanganyika, alitaka kuwaeleza wadogo zake wa Magara kwa lugha wanayoizungumza sokoni. Lilikuwa ombi zuri. Nilichukua orodha yake, nikakaa nayo jioni moja tu, nikamrudishia ikiwa imejaa. Mbele ya maneno classe abstraite nilikuwa nimeandika: ngeli dhahania. Niliona fahari kidogo. Neno la sarufi yetu limepata kazi mpya ndani ya kompyuta!

Baadaye nilifika Magara kwa shughuli za kifamilia, naye akanionyesha daftari ambalo mdogo wake alikuwa akijifunzia lugha ya Java. Chini ya istilahi yangu kijana alikuwa ameandika, kwa mwandiko safi kabisa: "Ngeli dhahania ni ya vitu visivyoshikika. Mifano: Upendo, Uhuru, Amani." Kisha akaandika programu yenye klasi iitwayo Upendo, akaitia alama ya udhahania, na akajaribu kuunda kitu cha klasi hiyo. Kompaila, yaani ile programu inayosoma maandishi ya Java na kuyageuza yaweze kutekelezwa na mashine, ikamkatalia. Akabadilisha Upendo kuwa Amani. Ikamkatalia tena. Alidhani amekosea herufi kubwa.

"Mwalimu," aliniuliza, "kwa nini Java inakataa amani?"

Kaka yake alicheka sana. Mimi sikucheka hivyo, kwa sababu kijana hakuwa amekosea hatua hata moja. Alisoma istilahi, akaitafsiri kwa sarufi aliyofundishwa na watu kama mimi, akatoa mifano sahihi ya nomino dhahania. Aliyekosea ni aliyempa neno.

Katika makala haya nakusudia kuihakiki istilahi hiyo, sehemu zake zote mbili, na baadaye kidogo kuihakiki mifano ambayo dhana hii hufundishwa kwayo. Sidai kuwa mtaalamu wa kompyuta. Nimejifunza Java kwa kiasi cha kuelewa kosa langu, na katika kufanya hivyo nimegundua kwamba suala hili ni letu sisi walimu wa lugha kuliko tunavyodhani.

Tuanze na dhana yenyewe. Katika uandishi wa programu unaojengwa juu ya vitu, klasi ni maelezo ya namna kitu cha aina fulani kilivyo na kinavyotenda. Ukishaandika klasi unaweza kuunda vitu vingi kutokana nayo, kila kimoja na taarifa zake. Matendo ya kitu huitwa methodi. Klasi moja inaweza kurithi nyingine: ikapata taarifa na methodi za mzazi bila kuziandika upya, na ikaongeza za kwake. Wazo hili lilizaliwa Norway, katika lugha ya Simula 67 iliyobuniwa na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na limepita katika Smalltalk, C++, Java na nyingi nyinginezo.

Sasa njoo nami ufukoni. Magara iko kando ya barabara ya taifa namba 3, ile inayoambatana na ziwa kutoka Bujumbura kwenda Rumonge na kuendelea hadi Nyanza-Lac. Alfajiri, baada ya usiku wa giza, mitumbwi hurudi na taa zake, na wanawake huwa wameshajipanga na mabeseni. Pale, ndugu msomaji, hakuna anayeuza samaki. Kuna ndagala, ambao wenzetu wa Tanzania huwaita dagaa. Kuna mikeke, ambao Kigoma ni migebuka. Ukibahatika kuna sangala. Lakini ukimwendea mama mmoja ukamwambia, "Mama, nipe samaki," atakutazama kisha atakuuliza, "Samaki gani?" Hawezi kukupimia samaki mtupu. Ndagala wabichi watapimwa kwa beseni au kisahani, mikeke kwa kilo. "Samaki" ni neno la kweli, lina maana, na kuna mambo mengi tunayoweza kusema kuhusu samaki wote: wana bei, wanaoza, wametoka ziwani. Kinachokosekana ni jambo moja tu, nalo ni la lazima ili mauzo yafanyike: kipimo.

Ukiandika programu ya muuzaji huyo, unaweza kuweka klasi Samaki yenye jina na bei ya kipimo kimoja. Unaweza pia kuipa methodi ya kutoa risiti, nayo ikawa kamili: chukua idadi ya vipimo, zidisha kwa bei, andika jina, andika jumla. Kazi hiyo ni ileile kwa samaki wote na huna sababu ya kuiandika mara tatu. Lakini idadi ya vipimo inapatikanaje? Kwa Samaki mtupu hakuna jibu. Basi unaacha nafasi wazi, na unatangaza kwamba nafasi hii imeachwa kwa makusudi: kila klasi itakayorithi Samaki na kutaka kuunda vitu ni lazima iijaze. Ndagala itaijaza kwa hesabu ya mabeseni, Mukeke itaijaza kwa mzani. Na kwa kuwa Samaki ina pengo, kompaila haitakuruhusu kuunda kitu cha Samaki peke yake. Itakuuliza, kwa namna yake, swali lile la yule mama.

Hiyo ndiyo klasi niliyoiita ngeli dhahania. Naomba msomaji aitazame tena. Je, kuna udhahania gani hapa? Risiti ni kazi halisi, imeandikwa neno kwa neno, inazidisha na kujumlisha. Bei ni tarakimu. Samaki ananuka. Kinachoitofautisha klasi hii na nyingine si kwamba iko mawazoni. Ni kwamba haijamalizwa, na aliyeiandika amekusudia isimalizwe hapo.

Neno "dhahania" tumelitoa kwa Waarabu, na asili yake ni dhihn, yaani akili. Dhahania ni cha akilini. Neno abstract la Kiingereza na ndugu yake wa Kifaransa asili yake ni Kilatini, na huko maana yake haikuwa akili bali kuvuta, kuchomoa kitu kutoka katika vingine. Aliyechomoa yaliyo ya pamoja kati ya ndagala na mukeke akayaweka mahali pamoja amefanya kitendo hicho hasa. Maneno haya mawili yamekuja kukutana katika falsafa na katika sarufi, na kamusi zetu zikayaweka pamoja, jambo ambalo ni sawa kabisa kwa upendo na uhuru. Kosa ni kudhani kwamba popote litakapotokea lile la kigeni, hili letu litatosha.

Na sisi wenyewe tunajua kwamba halitoshi! Chukua jarida lolote la kitaaluma la Kiswahili. Juu ya kila makala, mahali ambapo Mwingereza anaandika abstract, sisi tunaandika "Ikisiri". Hakuna mhariri aliyewahi kuandika "Dhahania" pale. Aliyetafsiri aliangalia kazi ya aya ile, akaona kwamba ni maneno yaliyofupishwa kutoka katika makala marefu, akachagua neno linaloitaja kazi hiyo. Neno lilelile moja la Kiingereza, kwa hiyo, lina tafsiri mbili ambazo kila mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza anazijua na hazimtatizi. Kwa nini tulipofika kwenye kompyuta tuliacha kuangalia kazi?

Isitoshe, dhahania limebeba mizigo mingine. Darasani ni nomino dhahania. Katika utafiti wapo wanaolitumia kwa maana ya kauli inayosubiri kuthibitishwa. Mwanafunzi anayelikuta katika Java anafika akiwa na maana hizi mbili mkononi, na zote mbili zinampeleka pabaya. Ile ya kwanza ilimpeleka kijana wangu kwenye Upendo. Ile ya pili ingemfanya aone klasi hii kama jaribio tu ambalo huenda likafutwa.

Kuna uthibitisho mwingine, na huu umetoka kwa wanakompyuta wenyewe: hata wao hawakukubaliana juu ya jina. Katika C++, lugha ya Bjarne Stroustrup, klasi za namna hii ziliwekewa utaratibu wake katika toleo la 2.0 la mwaka 1989, na hakuna neno lolote la kuzitangaza. Unaandika methodi na mwishoni unaweka alama ya kulingana na sifuri. Basi. Ni pengo, na limeandikwa kama pengo. Java ilipotokea katikati ya miaka ya 1990 ilichagua neno abstract, na kwa kuwa Java ilienea vyuoni dunia nzima, neno hilo likaonekana kana kwamba ndilo jina la asili la jambo hili. Lakini kabla ya Java, Mfaransa Bertrand Meyer alikuwa ameunda lugha iitwayo Eiffel, na humo klasi ya aina hii inaitwa deferred, yaani iliyoahirisha. Methodi isiyo na mwili imeahirishwa. Itatimizwa na mrithi. Nilipolikuta neno hilo nilijilaumu. Kumbe wapo waliokwisha kuliona jambo kama yule mama wa Magara anavyoliona, na mimi nilikimbilia kamusi ya falsafa.

Hapa naomba kusema jambo kuhusu kazi za tafsiri zilizotangulia, kwa sababu msomaji anaweza kudhani nazibeza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa mwaka 2004 programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice, na Microsoft nayo ikafuata na Windows yenye sura ya Kiswahili. Kazi hizo zilikuwa za kijasiri. Lakini zilitafsiri zaidi maneno anayoyaona mtumiaji: faili, hariri, hifadhi, chapisha. Maneno ya namna hiyo yana msaada mkubwa usioonekana, nao ni mkono wa mtumiaji. Ukiiita puku au kipanya, mkono unakishika kifaa kilekile, na baada ya siku mbili hata istilahi mbovu imeshajisahihisha. Istilahi za ndani ya uandishi wa programu hazina mkono wa kuzisaidia. Klasi haishikiki, haionekani kwenye skrini. Mwanafunzi ana neno tu. Neno likipotoka, hakuna kitu cha kumrudisha njiani isipokuwa kompaila, na kompaila haielezi vizuri.

Nimesema nitahakiki sehemu zote mbili. Hiyo nyingine ni "ngeli".

Nakiri bado nalipenda. Ngeli zetu zina kitu ambacho wanakompyuta wangekitambua mara moja, nacho ni upatanisho wa kisarufi. Nomino ikishaingia katika KI-VI imekubali masharti: kitabu kimepotea, kisu kimevunjika, kiti kimeanguka. Hujawahi kuisikia nomino mpya ikiingia ngeli hiyo kisha ikajiamulia upatanisho wake. Na pale inapojiamulia, ina sababu. Mchukulie kiboko, na tuko kando ya ziwa, kwa hiyo mfano si wa mbali. Kwa umbo lake ni wa KI-VI, na wingi wake ni viboko. Lakini hatusemi "kiboko kimepanda nchi kavu". Tunasema amepanda, na viboko wamepanda. Amerithi umbo kutoka upande mmoja na upatanisho ameubadilisha kwa kuwa ana uhai. Kiboko cha kuchapia, kwa upande wake, hakikubadilisha chochote: kiboko kimepotea, na wengi walifurahi. Ukimfundisha mwalimu wa Kiswahili namna klasi inavyoweza kurithi methodi kisha ikaiandika upya kwa njia yake, hutapata mfano bora kuliko huu, na ni aibu kwamba vitabu vinaanza na mbwa na paka.

Lakini mfano mzuri si lazima uwe istilahi nzuri. Ngeli ni chache na zimefungwa. Hakuna mtu anayekaa asubuhi akatunga ngeli mpya kwa ajili ya kazi yake, na mwandishi wa programu hutunga klasi kila siku. Ngeli hazizaani: KI-VI haina ngeli ndogo chini yake iliyoirithi na kuongeza. Na kubwa zaidi, ngeli haiundi nomino. Inazipanga zile ambazo zipo. Klasi ndiyo inayoviunda vitu. Mwanafunzi mwenye sarufi nzuri, na ninatumaini ndio tunaowataka, atakwama katika mambo hayo matatu kwa mpigo.

Yapo maneno mengine yanayotumika. "Tabaka" lina matabaka ya jamii, na zaidi ya hayo mwalimu wa mitandao ya kompyuta analihitaji kwa ajili ya tabaka zake, moja juu ya nyingine. "Darasa" ni chumba chenye ubao. Nimeamua kubaki na "klasi". Najua kwetu Burundi, kwa athari ya Kifaransa, klasi ni darasa pia. Hata hivyo Wafaransa wenyewe wanatumia neno moja kwa yote mawili na sijasikia mtoto wao akitafuta dawati ndani ya programu.

Kwa ile sehemu ya pili napendekeza "ahirishi", kwa kufuata mwelekeo wa shirikisha na shirikishi. Klasi ahirishi ni ile inayoahirisha sehemu ya kazi yake. Methodi yenyewe si ahirishi, bali imeahirishwa. Lugha yetu ina kauli ya kutendwa na hatuna sababu ya kuifungia kabatini. Mrithi anayeijaza ameitimiza. Na klasi ambayo haina pengo lolote, inayoweza kuunda vitu, ni klasi timilifu, neno ambalo walimu wa sarufi wamelizoea katika hali timilifu ya -me-. Linganisha na jozi ya zamani. Ukisema klasi hii ni dhahania, kinyume chake unalazimika kusema ni halisi, na tayari umemwambia mwanafunzi kwamba ile ya kwanza si halisi. Katika Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko, kilichotolewa na TUKI mwaka 1992, walimu wetu walituonyesha kwamba kuunda istilahi ni kazi yenye misingi na taratibu zake. Kigezo ninachokijali mimi hapa ni kwamba neno liweze kuzaa mengine. "Ahirishi" imezaa manne katika aya moja. "Dhahania" ilizaa Upendo.

Msomaji mwenye subira atakuwa na pingamizi, na yapo mawili yenye uzito. La kwanza ni kwamba mwanafunzi ataendelea kuandika abstract ndani ya Java, kwa hiyo atalijua neno lile na atalitafuta katika kamusi, na kamusi itamwambia dhahania. Kweli. Ila anaandika pia public na void bila kuzifasiri kila mara. Neno la amri katika programu ni alama, na alama inaelezwa na mwalimu. La pili linanisumbua zaidi. Tumeshuhudia kompyuta, tarakilishi na ngamizi zikishindana kwa miaka, mwanafunzi wa Kenya akifundishwa hili na wa Tanzania lile. Kuongeza neno jingine pale ambapo neno lipo, hata kama ni bovu, ni kuongeza vurugu. Hapa sina jibu kamili. Nakubali kwamba katika orodha yoyote tutakayochapisha, "klasi dhahania" iachwe mahali pake pa kialfabeti na mbele yake tuandike "tazama klasi ahirishi". Anayelijua la zamani asipotee.

Nirudi sasa kwenye mifano, kwa sababu nimegundua kwamba hata istilahi njema itaharibiwa na mfano mbovu. Mfano unaorudiwa katika vitabu vingi nilivyovisoma ni huu: kuna klasi ahirishi Mnyama, yenye methodi moja iliyoahirishwa, kutoa sauti. Mbwa anabweka, Paka analia nyau. Mwisho wa somo. Mwanafunzi anafurahi, na hajajifunza kitu. Klasi Mnyama ya mfano huo ni tupu; haina kazi hata moja ya pamoja ambayo mbwa na paka wangenufaika kuirithi. Ni ahadi tupu, na kwa ahadi tupu Java ina chombo kingine kiitwacho kiolesura, ambacho ni orodha ya methodi ambazo klasi inajifunga kuzitimiza. Tena klasi ya Java inaweza kutimiza violesura vingi, ilhali inarithi klasi moja tu. Tofauti hii ilipungua mwaka 2014, Java 8 ilipoviruhusu violesura kubeba methodi zenye mwili, lakini bado kiolesura hakibebi taarifa za kila kitu kimojakimoja, kama vile bei ya samaki huyu hapa. Klasi ahirishi inabeba. Ina mali na ina pengo, vyote viwili kwa pamoja, na mfano usio na mali unaficha nusu ya jambo.

Mfano mwema umo ndani ya Java yenyewe. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 1998 kuna klasi iitwayo AbstractList. Ukitaka kutengeneza orodha yako ya kusomwa tu, isiyobadilishwa, unairithi klasi hiyo na unatimiza methodi mbili: moja inayosema orodha ina vitu vingapi, na nyingine inayotoa kitu cha nafasi fulani. Ukishajibu maswali hayo mawili, unapewa bure kutafuta kitu katika orodha, kulinganisha orodha mbili, kuipitia mwanzo hadi mwisho. Mzazi amefanya kazi kubwa na ameahirisha kidogo. Kila ninapomweleza mwanafunzi habari hii naona uso wake unabadilika, kwa maana sasa anaona faida. Mbwa na paka hawakumpa faida yoyote.

Nilimwandalia yule kijana wa Magara mfano wa Samaki kama nilivyoueleza hapo juu. Tuliuandika pamoja kwenye daftari, kisha kwenye kompyuta ya kaka yake. Ulikwenda vizuri. Risiti ya ndagala ikatoka, risiti ya mukeke ikatoka, na alipojaribu kuunda Samaki mtupu na kompaila ikakataa, safari hii alitabasamu na kusema, "Samaki gani?" Nikaridhika. Nilikuwa tayari kuaga.

"Mwalimu," akasema, "na ndagala kavu?"

Ndagala wabichi hupimwa kwa beseni, lakini wakishaanikwa wakakauka wanakwenda sokoni na kupimwa kwa kilo. Samaki yuleyule. Kwa hiyo kipimo hakitokani na aina ya samaki, kama nilivyokuwa nimepanga kwa kujiamini. Kinategemea hali yake na mahali anapouzwa. Nikapendekeza tugawe: NdagalaMbichi na NdagalaKavu. Akauliza kama na mikeke nao tutawagawa watakapobanikwa, na sangala je. Klasi tatu zilikuwa zinaelekea kuwa sita, nazo zote zinarudia hesabu ileile ya kilo.

Baadaye nilikuta kwamba swali lake ni la zamani. Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, katika kitabu chao Design Patterns cha mwaka 1994, wanaeleza mtindo huohuo wa mzazi anayemaliza kazi na kuahirisha hatua moja, na kitabu hichohicho kinawashauri waandishi wa programu kupendelea kuunganisha vitu badala ya kurithisha. Yaani Samaki asizaliwe akiwa na kipimo chake; akabidhiwe kipimo, kama mzani unavyowekwa mezani na kuondolewa. Urithi unamfunga mtoto kwa mzazi tangu siku anapoandikwa, na samaki wa Magara hubadilika hali kati ya alfajiri na jua la saa nane.

Kijana hakusubiri nisome kitabu hicho. Niliporudi mara nyingine nilikuta ameandika upya programu nzima. Klasi Ndagala na Mukeke alikuwa amezifuta. Samaki ilikuwa klasi moja timilifu, yenye jina, bei na kipimo alichokabidhiwa. Kilichokuwa ahirishi sasa ni Kipimo, chenye warithi wawili, Beseni na Kilo, na chenye mali yake ya pamoja pia: tarehe ya kupimwa na methodi ya kukataa idadi isiyozidi sifuri. Katika programu yake, kinyume cha kichwa cha makala haya, samaki anauzwa Magara.

Wale wenye nakala ya orodha yangu ya zamani, iliyosambaa kwa wanafunzi kadhaa bila mimi kujua, naomba waifute "ngeli dhahania" na waandike "klasi ahirishi" kando yake kwa kalamu. Maneno mengine katika orodha hiyo bado sijayapitia upya, na baadhi yake niliyaandika jioni ileile.